Kichwa cha mtoto bado kinajengwa

Mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua juu ya fuvu, utosi na taya

Mama yeyote aliyewahi kumwogesha mtoto mchanga anaijua sehemu ile laini iliyo juu ya kichwa, mbele kidogo ya katikati. Ukiigusa kwa upole unasikia inapigapiga kama moyo. Sehemu hiyo ndiyo utosi. Wapo wazazi wanaouogopa utosi kiasi kwamba hawathubutu hata kuuosha. Wengine huupaka masizi au dawa za mitishamba ili ufunge upesi.

Kinywani nako kuna hofu yake. Mtoto wa miezi mitano anaharisha na ana homa. Mama anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali ambapo jino halijaota. Jirani anamwambia kwamba hayo ni "meno ya plastiki", na kwamba mtoto hatapona mpaka yang'olewe.

Hofu hizi mbili zina chanzo kimoja. Mtoto huzaliwa wakati mifupa ya kichwa na ya taya haijamaliza kujengwa, na ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwa maana ubongo na meno vinahitaji nafasi ya kukua. Anayejaribu kuiharakisha kazi hiyo kwa dawa au kwa kisu humwumiza mtoto. Lakini anayejua kuitazama anaweza kumwokoa. Ndiyo maana katika ukurasa huu tutajifunza jinsi fuvu na taya vilivyojengwa, kisha tuone ni alama zipi zisizo na hatari na ni zipi zinazotaka mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

FUVU LIMEJENGWAJE?

Watu wengi hudhani kwamba fuvu ni mfupa mmoja kama kibuyu. Sivyo. Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22. Kati ya hiyo, mifupa 8 hufanya sanduku la kuhifadhi ubongo, na mifupa 14 ni ya uso. Hapo hatujahesabu vimfupa 6 vidogo sana vilivyomo ndani ya masikio, vitatu kila upande.

Tuanze na sanduku la ubongo. Jipapase mwenyewe. Weka kiganja juu ya macho: huo ni mfupa wa paji la uso. Peleka mikono yako juu, kulia na kushoto: hapo pana mifupa miwili mipana inayokutana katikati ya kichwa na kufanya paa. Shuka mpaka kwenye mapanja na sehemu za masikio: pana mifupa ya panja, mmoja kila upande, na ndani yake ndimo vilimo viungo vya kusikia. Gusa nyuma: huo ni mfupa wa kisogo. Chini yake lipo tundu kubwa ambamo uti wa mgongo hupita kuungana na ubongo. Mifupa miwili iliyobaki huwezi kuigusa. Mmoja umetanda kwenye sakafu ya fuvu kama popo aliyefungua mabawa, na wa pili umejificha nyuma ya pua, kati ya macho.

Kwenye uso kuna mifupa ya pua, ya mashavu, ya kaakaa, na mingine midogo iliyomo ndani ya pua na pembeni mwa macho. Taya la juu ni mifupa miwili iliyoungana katikati. Taya la chini ni mfupa mmoja, wenye nguvu kuliko mifupa yote ya uso. Weka kidole mbele kidogo ya sikio, kisha fungua kinywa na kukifumba. Unasikia kitu kinateleza? Hapo ndipo taya la chini linapokutana na mfupa wa panja. Ukiacha vile vimfupa vya masikio, taya la chini ndio mfupa pekee wa fuvu unaotembea.

Mifupa mingine yote ya mtu mzima imeshikana kwa mishono. Kingo zake zina meno kama ya msumeno, na zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana.

Kwa mtoto mchanga mishono hiyo bado iko wazi. Mfupa na mfupa vimeunganishwa kwa utando mgumu. Hata paji lake la uso ni vipande viwili ambavyo kwa kawaida huungana kabla hajafikisha mwaka mmoja. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kuzaliwa. Kichwa ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vinavyopita katika nyonga ya mama, na mifupa yake husogea na kupandana kidogo ili kipite. Sababu ya pili ni ubongo, ambao katika mwaka wa kwanza peke yake huongezeka ukubwa takriban mara mbili. Kama mifupa ingekuwa imekwisha kushikana, ubongo ungekosa mahali pa kwenda.

KICHWA SIKU ZA KWANZA

Kwa kuwa mifupa imepandana, mtoto aliyezaliwa kwa njia ya kawaida anaweza kuonekana ana kichwa kirefu kama yai. Usishtuke. Baada ya siku chache mifupa hurudi mahali pake yenyewe. Mahali pengine bibi humkanda mtoto kichwa kwa maji ya moto au humbana kwa mikono ili "kumtengeneza". Mama mkwe asikasirike tukisema kwamba kazi hiyo haina faida, na ikifanywa kwa nguvu inaweza kudhuru.

Pengine utaona uvimbe laini upande mmoja wa kichwa, unaojitokeza saa kadhaa baada ya kuzaliwa. Mara nyingi hiyo ni damu iliyokusanyika kati ya mfupa na ngozi yake ya juu. Dalili yake ni kwamba uvimbe hauvuki mshono: unaishia pale mfupa mmoja unapoishia. Mwonyeshe mkunga au daktari ili athibitishe. Damu hiyo hunywewa na mwili polepole, kwa wiki kadhaa au miezi. Usikubali mtu autoboe au kuuchanja, kwa sababu atakuwa amefungua mlango wa vijidudu. Jambo la kuangalia ni kama mtoto anageuka rangi ya manjano machoni na mwilini. Akiwa hivyo, mrudishe hospitali bila kuchelewa.

UTOSI NI DIRISHA

Mahali ambapo mishono kadhaa inakutana, utando hubaki mpana zaidi. Hapo ndipo penye utosi. Mtoto ana tosi kubwa mbili ambazo unaweza kuzigusa. Ule wa nyuma, karibu na kisogo, ni mdogo na una pembe tatu. Hufunga mapema, kwa kawaida mtoto anapofikisha miezi miwili au mitatu. Ule wa mbele ni mkubwa na una pembe nne. Watoto wengi hufunga utosi huu kati ya miezi 12 na 18, na wengine huchelewa kidogo mpaka karibu na miaka miwili.

Utando wa utosi ni mgumu. Hautatoboka kwa kuoshwa, kwa kuchanwa nywele wala kwa kuguswa. Kupigapiga kwake ni mapigo ya damu. Basi oga ya kawaida kwa maji na sabuni inatosha. Masizi na dawa za kupaka haviufungi. Unafungwa na mfupa unaokua kutoka pembeni, kwa wakati wake.

Lakini utosi ni dirisha ambalo Muumba amemwachia mzazi atazame ndani ya mwili wa mtoto asiyejua kusema. Utazame mtoto akiwa ametulia, amekaa au ameshikwa wima. Katika hali ya kawaida uko sawa na kichwa, au umeingia ndani kidogo sana. Akilia huinuka, na akinyamaza hurudi. Hilo si tatizo. Hatari ziko mbili.

Utosi uliobonyea. Ukiona umezama kama kisahani, na mtoto anaharisha au kutapika, maana yake ni kwamba mwili umekaukiwa maji. Tazama pia kama macho yameingia ndani, kinywa ni kikavu, analia bila machozi, hakojoi kama kawaida, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Hapa ugonjwa hauko kichwani. Usipoteze muda kuutibu utosi. Mtoto anahitaji maji.

Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, ukichanganya na maji safi ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi kisha uanze tena polepole. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya kutumia siku 10 hadi 14. Usiviache kwa sababu tu kuharisha kumekoma. Lakini kama mtoto amelegea, hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au kinyesi kina damu, usikae nyumbani. Njiani endelea kumpa kama anaweza kumeza.

Utosi uliovimba. Ukiona umetuna na kukaza hata mtoto akiwa ametulia, jua kwamba ndani ya fuvu kuna msukumo. Kama ana homa, amekataa ziwa, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, analala mno au amepata degedege, inawezekana ni homa ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ugonjwa huu hukaza shingo. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze kabisa, na utosi ukawa ndio unaosema. Ugonjwa huu unaua kwa saa, na anayepona kwa kuchelewa anaweza kubaki kiziwi au mlemavu. Usingoje asubuhi.

KICHWA KINACHOKUWA UPESI MNO

Ubongo hutengeneza maji maalumu ambayo huzunguka ndani yake na kuuzunguka kwa nje, kisha hurudi katika damu. Njia ya maji hayo ikiziba, hujikusanya ndani na kusukuma. Fuvu la mtu mzima haliwezi kutanuka. La mtoto linatanuka, kwa kuwa mishono iko wazi. Hicho ndicho chanzo cha ugonjwa ambao watu huuita kwa kifupi "kichwa kikubwa".

Dalili zake ni hizi: kichwa kinakua haraka kuliko mwili, utosi umetuna, mishipa ya damu inaonekana kichwani, mtoto anatapika, na macho yake yanatazama chini kama jua linalotua.

Kipimo chake ni rahisi na hakina maumivu. Ni utepe wa kupimia kichwa kwa kuuzungusha juu ya nyusi na masikio hadi kisogoni. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kichwa cha karibu sentimita 35. Katika miezi mitatu ya kwanza kichwa hukua kama sentimita 2 kila mwezi, miezi mitatu inayofuata kama sentimita 1, na baadaye nusu sentimita, hata akifikisha mwaka awe na karibu sentimita 46 au 47. Kliniki wakisahau kumpima, mama ana haki ya kuomba apimwe.

Ugonjwa huu umewaletea akina mama masikitiko mengi. Wapo walioachwa na waume zao, na wapo walioambiwa wamelogwa au wamelaaniwa. Ukweli unajulikana. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aligundua kwamba watoto wengi waliofika pale walikuwa wameupata baada ya maambukizi ya ubongo katika miezi ya mwanzo ya maisha. Wengine walizaliwa nao, hasa wale wenye mgongo wazi. Hapo hapo Mbale daktari huyo aliendeleza upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo, ili watoto wengi waweze kuishi bila mpira wa kuyatolea maji hayo, kwa sababu mpira huo unaweza kuziba mahali palipo mbali na hospitali. Katika Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni mojawapo ya mahali ambapo watoto hawa hufanyiwa upasuaji.

Anayefika mapema ana nafasi nzuri ya kukua na kusoma kama wenzake. Kila mwezi unaopita akiwa nyumbani, ubongo unazidi kubanwa. Kwa hiyo baba, mkeo akikuambia kichwa cha mtoto kinamtia wasiwasi, usitafute wa kulaumiwa. Tafuta nauli.

Tunaweza pia kuzuia. Kitovu cha mtoto mchanga kiwe safi na kikavu. Kisipakwe majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Mtoto mchanga mwenye homa apelekwe hospitali mara moja. Na mwanamke anayetarajia kupata mimba atumie vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya kushika mimba na katika miezi mitatu ya kwanza. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Hivyo huzuia sehemu kubwa ya ugonjwa wa mgongo wazi.

TAYA NI SHAMBA LA MENO

Sasa tushuke kwenye taya. Nalo huzaliwa halijakamilika. Taya la chini la mtoto mchanga ni vipande viwili vinavyoshikana kwenye kidevu katika mwaka wa kwanza.

Ndani ya mifupa ya taya meno yamekwisha kupandwa kama mbegu. Vichipukizi vya meno ya utoto huanza kutengenezwa mimba ikiwa na wiki sita hivi. Mtoto anapozaliwa, meno yote 20 ya utoto yako ndani, ingawa hayaonekani. Hayo ndiyo yatakayotangulia kabla ya meno 32 ya ukubwani.

Meno hayatoki yote kwa pamoja. Ya mbele chini huanza kutoka karibu na miezi sita. Magego ya kwanza hutoka baada ya mwaka mmoja. Chonge, lile jino lenye ncha, hutoka kati ya miezi 16 na 23. Maana yake chonge hukaa ndani ya ufizi zaidi ya mwaka mzima, likiwa laini na jeupe. Kwa baadhi ya watoto linauinua ufizi hata linaonekana kama uvimbe uliopauka. Uvimbe huo ni jino la kawaida ambalo siku zake hazijafika.

UONGO WA "MENO YA PLASTIKI"

Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Tanzania watu husema "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Uganda wengine huyaita "ebino", na mwaka 1969 mtaalamu wa meno wa Denmark, Jens Jørgen Pindborg, aliandika juu ya desturi hiyo huko. Katika Afrika Mashariki watoto wengi wamefunguliwa ufizi kwa kisu, wembe, msumari au spoku ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi, na chonge zao zikachimbuliwa. Anayefanya hivyo humwonyesha mama kitu cheupe laini na kusema, "Hii ndiyo minyoo iliyokuwa inamla mwanao." Kitu hicho ni chipukizi la jino.

Mama atauliza: mbona mtoto wa jirani alipona? Tufikiri pamoja. Kuanzia miezi minne hadi sita, kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Ni wakati huo huo anapoanza kutia kila kitu kinywani, na wengi huanza kupewa uji na maji. Kwa hiyo huo ni umri wa kuharisha, na ndio umri ambao uvimbe wa chonge unaonekana. Mambo mawili yamekutana tu, hili halikuleta lile. Tena kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa. Aliyeng'olewa jino siku ya nne akapona siku ya sita angepona hata kama asingeguswa.

Yule ambaye hakupona hatangazwi. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji anaongezewa jeraha linalovuja damu, na kinywa kinachouma hakiwezi kunyonya. Chombo kichafu huweza kumpa pepopunda, sumu katika damu, au virusi vya UKIMWI vya mtoto aliyetangulia. Na ugonjwa wenyewe uliokuwa unaleta homa, uwe malaria au nimonia, umeachwa bila dawa.

Madhara mengine huonekana miaka mingi baadaye. Ndani ya taya, chipukizi la chonge la ukubwani liko karibu sana na lile la utotoni. Chombo kikichokonoa hapa, kinajeruhi na pale. Kati ya miaka 9 na 12, wakati chonge za ukubwani zinapotakiwa kuota, hazitoki, au zinatoka zimepinda na zina mashimo. Meno ya jirani nayo husogea na kuziba nafasi. Mfupa unaoshika meno huishi kwa kuwa na meno. Tazama mzee aliyepoteza meno yote: taya limepungua na kidevu kimekaribia pua. Kumng'oa mtoto meno bila sababu ni kulinyang'anya taya lake sehemu ya kazi yake.

Ufizi unaouma kwa sababu ya jino linalotoka unaweza kumfanya mtoto asumbuke na kutoa udenda. Mpe kitu kisafi na kigumu kidogo cha kutafuna, usimwache peke yake nacho. Lakini homa kali na kuharisha sana havitokani na jino. Vitafutiwe sababu yake zahanati.

TAYA LINALOVIMBA

Tumesema uvimbe mweupe wa ufizi wa mtoto mchanga si ugonjwa. Uko uvimbe mwingine wa taya ambao ni ugonjwa mkubwa, na umeanza kueleweka hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye kidogo akamwona mwingine wa namna ile ile kule Jinja. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilometa 16,000, wakishuka hadi kusini mwa Afrika na kuuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba uvimbe huo hupatikana sana katika nchi za joto zenye mvua, yaani kule kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964 huko London, katika chembe za uvimbe zilizopelekwa kutoka Uganda, watafiti Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua kirusi ambacho leo kina majina ya Epstein na Barr. Leo inajulikana kwamba kirusi hicho pamoja na malaria ya mara kwa mara huchangia saratani hii, iitwayo saratani ya Burkitt.

Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba. Taya huvimba kwa siku au wiki chache, mara nyingi bila maumivu makali. Meno hulegea. Jicho laweza kusukumwa nje, au tumbo likavimba.

Wazazi watauliza: si umri huo huo meno ya utoto hulegea? Ndiyo, na kujua taya kunasaidia kutofautisha. Karibu na miaka sita hulegea meno ya mbele, kwa kawaida ya chini kwanza, na taya halina uvimbe. Magego ya utoto hayalegei mpaka karibu na miaka tisa au zaidi. Basi mtoto wa miaka mitano mwenye magego yanayocheza na shavu lililovimba asipelekwe kung'olewa jino. Apelekwe hospitali kubwa, kama vile Muhimbili, Bugando au KCMC, akachunguzwe.

Habari njema ni kwamba uvimbe huu, unaokua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote, ndio pia unaosikia dawa haraka. Watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza matibabu yao hupona kabisa. Tatizo ni wanaofika wamechelewa, baada ya kuchanjwa shavu na kung'olewa meno, na wale wanaotoroka matibabu uvimbe unapoanza kuyeyuka. Uvimbe kuyeyuka si kupona. Dawa imalizwe.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Mtoto wangu ana miaka miwili na nusu, utosi bado uko wazi. Nifanyeje?
Mpeleke kwa daktari. Sababu huweza kuwa matege kwa kukosa vitamini D, yaani hapati jua la kutosha, au kuna tatizo jingine la ukuaji.

Na ukifunga mapema?
Wapo watoto wazima ambao utosi hufunga mapema, na hawana shida yoyote. Kinachotazamwa ni kama kichwa kinaendelea kukua. Kikiacha kukua, au kikianza kupinda upande mmoja, daktari amwone mapema.

Ameanguka kitandani, nitajuaje kama ameumia ndani?
Mtazame kwa saa 24. Akitapika mara kwa mara, akilala na kuamshwa kwa shida, akipata degedege, akitoa damu au maji puani au masikioni, au utosi ukituna, mkimbize hospitali. Mtoto mchanga wa miezi michache akianguka apelekwe hata kama anaonekana mzima. Wala usimtikise mtoto kwa nguvu ili anyamaze au aamke. Ubongo wake hugonga ndani ya fuvu na mishipa hukatika.

NI NINI CHA KUKUMBUKA?

Utosi usipakwe chochote. Ukibonyea, mpe maji ya chumvichumvi na umpeleke zahanati. Ukituna wakati mtoto ametulia, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Kichwa kipimwe kwa utepe kliniki, na namba iandikwe kwenye kadi.

Uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni jino lake. Liachwe.

Shavu au taya linalovimba haraka kwa mtoto mkubwa, na magego yanayolegea kabla ya wakati, ni la daktari.

Mama kijana mwenye mtoto wa kwanza mara nyingi hana wa kumwuliza isipokuwa jirani. Basi wewe uliyesoma ukurasa huu ndiwe jirani huyo. Ukisikia katika jumuiya yenu kwamba kuna mtoto anaharisha na wameagiza mtu wa kumng'oa meno, usingoje kuitwa. Nenda na pakiti ya maji ya chumvichumvi mkononi, na uwasindikize hadi zahanati.